Mbwa mdogo wa mbegu halisi: maswali ya pesa yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza na kandokando ya ziwa

Ukurasa huu ni wa watu wa Mwanza, Magu, Sengerema, Ukerewe na jirani wanaotaka Chihuahua, Maltese, Shih Tzu, Yorkshire Terrier, Pug, Pomeranian na wenzao. Karibu kila anayeuliza huanza na bei ya kununua. Majibu hapa yamelalia upande wa pili, yaani pesa inayohitajika mbwa akishaingia ndani. Bei za maduka na za madaktari hubadilika, kwa hiyo kila palipo na shilingi hapa ni namba ya mfano ya kuonyesha hesabu inavyopigwa. Ya kwako ukaiulize mwenyewe.

Mbwa mwenyewe anauzwa shilingi ngapi?

Inategemea mbegu, umri, karatasi za ukoo na haraka yako wewe. Muuzaji akishaona umependa, bei haishuki.

Ila piga hesabu hii kwanza. Mbwa wadogo huishi miaka mingi kuliko wakubwa. Miaka 12 hadi 16 ni kawaida kwa Chihuahua au Maltese anayetunzwa vizuri. Mtoto wako anayeanza darasa la kwanza Januari atamaliza kidato cha sita na mbwa bado yupo sebuleni. Tuseme umemnunua kwa shilingi 1,000,000 na ameishi miaka 14. Bei hiyo ukiitawanya kwenye miezi yote inakuwa kama shilingi 6,000 kwa mwezi. Chakula peke yake kitaizidi mara kadhaa. Ndiyo maana mtu aliyepunguziwa laki mbili wakati wa kununua hajaokoa kitu cha kutambia.

Swali lenye maana zaidi ni kwamba bei hiyo ina nini ndani yake. Amechanjwa mara ngapi, na kadi ina lebo za chupa za chanjo, tarehe, sahihi na mhuri wa daktari? Amepewa dawa ya minyoo lini? Mama yake unaweza kumwona? Mtoto wa mbwa asiachishwe mama kabla ya wiki 8. Anayeuzwa bei chee bila chanjo hata moja amekusukumia wewe gharama hiyo, pamoja na hatari yake.

Kuna wanaouza "mbwa wa kikombe" kwa bei ya juu zaidi. Ni mbegu gani hiyo?

Si mbegu, ni jina la sokoni. Chihuahua mzima wa kawaida tayari hazidi kilo 3. Anayetengenezwa awe mdogo kuliko hapo huja na sukari inayoshuka ghafla, utosi usiofunga, na mifupa inayovunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Wengine ni mbwa wa kawaida waliotolewa kwa mama wakiwa na wiki 5, ndiyo maana wanatosha kiganjani. Mimi nisingelipa nyongeza ili nipewe mgonjwa.

Miezi ya mwanzo nijiandae na nini?

Chanjo kwanza, na si moja. Mtoto wa mbwa huanza kuchanjwa akiwa na wiki 6 hadi 8, akarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Hapo unazungumzia sindano tatu au nne za chanjo ya mchanganyiko inayozuia parvo, distempa, homa ya ini na, kwa aina nyingi, leptospirosi. Chanjo ya kichaa cha mbwa huchomwa kuanzia miezi 3, kisha hurudiwa kwa ratiba atakayokupa daktari, kwa kawaida kila mwaka. Kila safari ina nauli yake ya bodaboda au bajaji, au ada ya daktari kuja nyumbani. Watu huisahau hiyo nauli.

Chanjo hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Muulize daktari bila kuona haya: umeme ukikatika, chanjo zako unazitunzaje? Anayejua kazi yake atakujibu vizuri. Anayekasirika, tafuta mwingine.

Usichezee parvo. Mbwa anaharisha damu, anatapika, na matibabu ni dripu siku kadhaa mfululizo bila uhakika wa kupona. Gharama yake inameza ya chanjo zote za mwaka wa kwanza. Kirusi chake hukaa kwenye udongo miezi mingi, kwa hiyo kama mbwa aliyepita kwenye uwanja wako alikufa kwa kuharisha damu, sakafu na vyombo vioshwe kwa jiki, na mtoto wa mbwa mgeni asishushwe chini uwanjani mpaka amalize chanjo.

Dawa ya minyoo hutolewa kila baada ya wiki 2 hadi afike wiki 12, halafu kila mwezi hadi miezi 6, baadaye kila miezi 3. Hii si ghali.

Kuhusu kichaa, tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, na mara nyingi halmashauri huandaa chanjo za bure au za bei ndogo karibu na siku hiyo. Itumie, lakini usimngojee mtoto wa mbwa aliyezaliwa Novemba mpaka Septemba. Na kadi uitunze. Kijibwa cha kilo 2 nacho huuma, tena sana. Mtoto wa jirani akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Sindano zake ni zaidi ya moja, na atakayeangaliwa usoni alipe ni wewe.

Vyombo, kitanda, kamba na mkanda wa kifuani (si wa shingoni, koo za mbwa hawa ni laini) ni gharama ya mara moja. Kagua pia uzio. Tundu ambalo mbwa wa kawaida hatoshi, Yorkshire Terrier anapita akiwa anakimbia.

Ni mdogo tu. Si atakula mabaki yetu?

Tuanze na kipimo. Mbwa mzima wa kilo 3 anahitaji kama kilokalori 250 kwa siku. Chakula kikavu cha kawaida kina kilokalori 350 na ushee katika gramu 100, kwa hiyo anamaliza kama gramu 70 kwa siku, karibu kilo 2 kwa mwezi. Wa kilo 6 hali mara mbili ya huyo. Anatosheka na gramu 120 hivi, kama kilo 3 na nusu kwa mwezi. Mtoto anayekua anahitaji karibu mara mbili kwa kila kilo ya uzito wake, na alishwe mara tatu hadi nne kwa siku.

Sasa weka bei ya dukani kwako. Tuseme kilo ni shilingi 12,000. Kilo 2 ni 24,000 kwa mwezi, 288,000 kwa mwaka, na kwa miaka 14 ni 4,032,000. Angalia tena bei ya kununua hapo juu.

Chakula cha kupimiwa kutoka kwenye gunia lililofunguliwa huwa nafuu, na si kibaya kama gunia linaisha haraka. Linusie. Likitoa harufu ya mafuta yaliyochacha, achana nalo.

Mabaki ni habari nyingine. Ugali unamjaza tumbo bila kumlisha. Mchuzi wetu una kitunguu maji na kitunguu saumu, vyote sumu kwa damu ya mbwa, na kwa mwenye kilo 2 kiasi kidogo kinatosha kumdhuru. Chokoleti na zabibu nazo ni sumu kwake. Samaki tunao, ndiyo bahati ya kukaa Mwanza. Dagaa wanaweza kuwa sehemu ya mlo, lakini wale walioanikwa mchangani waoshwe mpaka maji yawe safi, wachemshwe, na wasiwe wa chumvi. Mapanki ya sangara ni rahisi na yana nyama, ila chambua kila mfupa. Mfupa uliopikwa kwenye koo la Pomeranian utakupeleka moja kwa moja kwenye swali la dharura hapo chini. Na anayepikiwa nyumbani siku zote anahitaji kuongezewa madini ya chokaa kwa kipimo cha daktari, la sivyo mifupa na meno yake ndiyo yatakayoumia.

Kuna watu hununua unga wa mahindi yaliyoharibika "wa mbwa". Mahindi yenye ukungu hubeba sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama ambao sumu hiyo huwaua upesi kwa kuwaharibu ini. Unga usioweza kuusonga ukaula wewe, usimsongee yeye.

Kipato changu kinafuata ziwa. Wakati wa giza pesa ipo, mbalamwezi mkono mtupu. Niache tu?

Usiache kwa sababu hiyo peke yake. Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu anayeuliza hivi anajua pesa yake inavyotembea, wakati wengi wenye mshahara wa kila mwezi hawajui.

Wanaovua au kuuza dagaa wanaelewa: dagaa hufuata taa, zamani karabai na sasa zaidi taa za sola, na mwezi ukipevuka taa haiwavuti tena. Mitumbwi inakaa, soko la samaki la Mwaloni Kirumba linapoa, na kuanzia mvuvi, mchukuzi, muuza magunia hadi mama lishe, wote wanasikia. Mbwa hajui hilo. Gramu zake 70 ni za kila siku, na kupe hawapumziki mwezi ukiwaka.

Kwa hiyo usihesabu bajeti ya mbwa kwa wastani wa mwaka, hesabu kwa kipindi kibovu. Chukua mbalamwezi mbaya zaidi unayoikumbuka, ile ambayo upepo nao ulikataa giza lililofuata. Katika wiki hizo, baada ya kodi, chakula cha watoto na ada, mbwa angekula nini? Kama jibu ni "tungebanana", basi chakula kinunuliwe wakati wa giza, cha siku 40 si cha 30, kifungwe kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Panya wa Mwanza ni wengi, na mkojo wao ndio unaoleta leptospirosi.

Kisha jaribu bila mbwa. Kila giza, kwa giza tatu mfululizo, toa pesa yote ambayo mbwa angekula, pamoja na dawa ya kupe na akiba ya daktari, uiweke pembeni kana kwamba yupo. Ukifika giza la tatu hujaigusa hata mbalamwezi, unaweza kuanza kuangalia picha za watoto wa mbwa. Ukijikuta umeikopa, hata kwa jambo la lazima, mbwa angekuwa ndiye aliyelala njaa. Jaribio hili linamfaa pia mwalimu, dereva wa daladala na mwenye duka Makoroboi. Wao waweke kwa mwezi.

Mfuko wa dharura uwe na shilingi ngapi?

Usichukue namba ya mtu wa Dar. Nenda kwa daktari wa mifugo utakayemtumia kweli na umwulize bei tatu: kumtibu mbwa wa parvo kwa dripu siku tano, kumpasua mbwa jike aliyeshindwa kuzaa au aliyemeza kitu, na kutibu mguu uliovunjika. Chukua iliyo kubwa kuliko zote. Ongeza nauli. Hicho ndicho kima cha chini, na kiwepo siku mbwa anapoingia, si "tutaanza kukiweka".

Kando ya ziwa "kumeza kitu" mara nyingi ni ndoano. Chambo kimeachwa ufukweni, mbwa ananusa, anameza na uzi wake. Usivute uzi. Hiyo ni kazi ya daktari, pengine na eksirei.

Nauli inategemea ulipo. Kwa watu wa Sengerema, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limebadilisha mambo: usiku wa manane unaweza kuvuka bila kungoja kivuko. Ukerewe bado kuna maji na ratiba ya meli, kwa hiyo mwenye mbwa Nansio awe amezungumza mapema na mtaalamu aliyeko kisiwani, na ajue ni huduma zipi atazikosa. Kwa vipimo, Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Mwanza. Jambo likizidi uwezo wa hapa, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko Morogoro, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, na si kila basi litakubali kumpakia mgonjwa wako.

Uliza pia swali la nne: daktari anapokea simu Jumapili usiku?

Pesa hiyo niiweke wapi? Niko kwenye kikoba.

Kikoba ni kizuri kwa bati na ada, si kwa mbwa anayetapika saa nane usiku. Hisa zako zimefungwa mpaka mgao, na mkopo wa dharura unangoja kikao au viongozi wakubaliane. Akiba za kikundi za kwenye simu nazo zinataka wenzako waidhinishe. Weka mfuko huu kwenye laini ya pili ya simu ambayo huitumii kwa matumizi ya kila siku, au akaunti ya benki yenye kadi. Hesabu na makato ya kutoa. Kibubu kinafaa kama nyumba haina ndugu wenye macho makali.

Magonjwa gani ya mbegu hizi yanakula pesa?

Meno yanaongoza, na ndiyo yasiyotajwa na muuzaji. Mbwa mzima ana meno 42, awe wa polisi au Maltese, sasa fikiria taya lenyewe. Yanabanana, ya utoto yanakataa kutoka, ugaga unajenga, fizi zinaoza. Kusafisha kitaalamu kunahitaji dawa ya usingizi. Mswaki wa mtoto na dawa ya meno ya mbwa kila siku hupunguza sana gharama hiyo. Dawa ya meno yetu isitumike.

Magoti yanafuata. Mbegu ndogo nyingi huzaliwa na kifuniko cha goti kinachoteleza kutoka mahali pake. Utamwona anarukaruka na mguu mmoja juu kisha anaendelea kama hakuna kitu. Nyumba zetu za milimani zina ngazi za mawe zenye hatua ndefu. Kama unakaa Igogo au Mabatini juu kule, hesabu kwamba utambeba, au utalipa. Dachshund ndiye wa kuepuka kabisa kwenye ngazi hizo, kwa sababu ya pingili za mgongo wake mrefu.

Pug, Pekingese na Shih Tzu wana pua fupi na shida ya kupumua kwenye joto. Mwanza iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo si tanuri kama Dar, lakini saa saba mchana juu ya mwamba ulioshika jua Pug anaweza kufa akimfukuza mjusi. (Wale mijusi wenye kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu wanawatia wazimu vijibwa wote.)

Yorkshire Terrier na Chihuahua wadogo huanguka kwa sukari kushuka wakikosa mlo mmoja au miwili. Hii ni gharama ya mtu kuliko ya dawa. Kama nyumba nzima inatoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Nyakato na kurudi usiku, nani atamlisha saa sita? Kama ni dada wa kazi, mwongeze mshahara, usimwongezee kazi tu.

Manyoya ya Maltese na Shih Tzu hayaachi kukua. Kuchana kila siku, kunyoa kila wiki 6 hivi. Mashine ya kunyolea na kujifunza mwenyewe hulipa ndani ya muda mfupi.

Nina dawa ya kuogeshea ng'ombe. Si inaua kupe wale wale?

Kupe itawaua. Mbwa je? Dawa nyingi za josho zina amitrazi, ambayo Chihuahua hasa hawaivumilii, wala watoto wa mbwa walio chini ya miezi 4. Sindano ya minyoo ya ng'ombe imepimwa kwa mnyama wa kilo mia kadhaa. Tone lililozidi kwa mwenye kilo 2 ni janga. Dawa ya nagana (ugonjwa unaoletwa na mbung'o) nayo, ambayo daktari huitumia pia kwa homa ya kupe ya mbwa, ina nafasi finyu sana kati ya kipimo cha kuponya na cha kuua. Hapa usibane matumizi.

Bajeti ya kupe iwe ya mwaka mzima na ipande masika na vuli. Homa za kupe humfanya mbwa akatae kula, ufizi uwe mweupe, mkojo wakati mwingine uwe wa kahawia. Na ukimpeleka matembezini kwenye vichaka vya Geita vyenye mbung'o, ujue nagana huwashika mbwa vibaya. Jicho likifunga ukungu wa bluu baada ya safari kama hiyo, mwambie daktari mlikokuwa.

Bima ipo?

Panga kana kwamba haipo. Mfuko wako ndio bima.

Naweza kukopa ninunue, nilipe polepole?

Hapana. Mkopo wa kausha damu kwa ajili ya mbwa ni kununua matatizo mawili kwa wakati mmoja, na rejesho la wiki litakuja siku ile ile ya chanjo.

Muuzaji yuko Dar, Arusha au Nairobi na anataka nitume pesa kwanza.

Mpigie simu ya video, si picha, akuonyeshe mtoto akiwa na mama yake, na umwombe afanye jambo ambalo hukumwambia mapema, kwa mfano amgeuze tumbo juu ya gazeti la leo. Matapeli wana mtindo mmoja: unatuma pesa ya mbwa, kisha ya kizimba, kisha ya kibali, kisha "amekwama" Singida. Ukiona ombi la pili, acha. Ni bora nauli ya ndugu aliyeko huko aende kumwangalia.

Anayevuka mpaka kwa Sirari au Mutukula anahitaji kibali cha kuingiza mnyama kutoka wizara inayosimamia mifugo, cheti cha afya kutoka huko atokako na uthibitisho wa chanjo ya kichaa. Mtoto wa wiki 8 hajafikia umri wa chanjo hiyo, kwa hiyo anayekuahidi kumleta akiwa na karatasi zote kamili, muulize vizuri. Kwa safari za ndani ya nchi, ulizia kibali cha kusafirisha kwenye ofisi ya mifugo ya halmashauri. Ukiambiwa ana karatasi za ukoo za Kenya, East Africa Kennel Club ya Nairobi ndiyo inayosajili. Thibitisha huko kabla ya kulipa.

Nikinunua jike nikazalisha, si pesa yangu itarudi?

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya, na wauzaji huwasaidia kujidanganya. Hesabu wanayokupa ni watoto sita mara bei. Chihuahua mara nyingi huzaa wawili au watatu, pengine mmoja. Vichwa vya watoto ni vikubwa, nyonga ya mama ni ndogo, na Pug na jamaa zake ndio wanaoongoza kwa kuhitaji upasuaji. Mimba ni kama siku 63. Dume hulipiwa kwa pesa au kwa kuchagua mtoto aliye bora. Watoto wachanjwe, wapewe dawa ya minyoo, walishwe mpaka wiki 8, na mmoja huenda akafa. Jike mwenyewe asipandishwe kwenye joto lake la kwanza. Piga hesabu ya uzao wa watoto wawili kwa upasuaji, ukitoa mmoja wa dume. Umebaki na nini?

Yupo anayepata faida, ana mabanda, daktari wake na wateja anaowajua. Wewe unayeuliza kabla hata hujanunua, panga kumhasi na uweke gharama hiyo kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza.

Naishi nyumba ya kupanga. Kuna gharama?

Ipo, na huanza kabla ya mbwa. Ongea na mwenye nyumba, mwandikiane. Wengine wataongeza kodi au kutaka amana ya uharibifu. Mwenye nyumba aliyekubali kwa mdomo anaweza kusahau siku ya kwanza ya kubweka, na kuhama katikati ya mkataba ni kodi ya miezi sita nyingine.

Ua ukiwa wa pamoja, zungumza na majirani pia, hasa wanaoswali. Mate ya mbwa kwao ni najisi, na si haki mtu akose pa kuanika kanzu kwa sababu yako. Mara nyingi muafaka ni uzio mdogo upande wako na mbwa kutoingia kwenye varanda ya pamoja. Weka pesa ya huo uzio.

Krismasi tunakwenda kijijini. Mbwa je?

Kumpeleka ni kumwingiza kwa mbwa wakubwa wasiochanjwa, kupe wa malishoni na watoto watakaompa mifupa. Kumwacha ni kumlipa mtu anayemjua, kumwachia chakula kilichopimwa kwa siku, namba ya daktari na pesa ya dharura mkononi, si "nitakutumia". Fanya jaribio la siku mbili kabla ya safari ndefu.

Nikishindwa katikati?

Kabla ya kununua, mwulize muuzaji kama atampokea mbwa akirudishwa, na mwandike hivyo kwenye risiti. Wafugaji makini hukubali, hata kama hawarudishi pesa. Ukiona mambo yanabana, tafuta mtu mapema mbwa akiwa bado mzima, na umkabidhi pamoja na kadi yake ya chanjo na orodha ya anachokula. Mbwa wa ndani hawezi kujitafutia mtaani. Mbwa wa Mwaloni watammaliza usiku wa kwanza. Usimtangaze mtandaoni "anatolewa bure" bila kumjua anayemchukua, maana jike wa mbegu asiyehasiwa huishia kuzalishwa mfululizo. Omba kwanza kuona mahali atakapolala, kisha umpe pamoja na chakula cha mwezi mmoja.